Uji wa Kimea cha Mtama: Dhana Potofu Zinazomkwamisha Anayeanza

Mkazi wa Dodoma anayetaka kupika kwa mara ya kwanza uji wa kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) wa nafaka tupu, ule ambao ni mwanzo wa pombe ya mtama na pia wa wiski, mara nyingi hufuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya shayiri. Hapo ndipo dhana nyingi potofu zinapopata nguvu, kwa sababu mtama una tabia zake, na kanuni inayofaa Uskoti, nchi ya wiski ya shayiri, haifai Kongwa, wilaya ya Dodoma, mpaka irekebishwe.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba hamira ndiyo inayogeuza nafaka kuwa pombe. Ukweli ni kwamba hamira hula sukari, na wanga wa mtama haiuwezi. Wanga huvunjwa kuwa sukari na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali, vinavyoongezeka ndani ya punje inapoota, na ndiyo sababu nafaka hulowekwa, ikaoteshwa kwa siku chache, kisha ikaanikwa. Jambo hili akina mama wa Kanda ya Kati wanalijua kwa vitendo: wakitia unga wa kimea katika uji mzito uliopoa kiasi, uji hulegea na kuwa mtamu, na huo ndio mwanzo wa togwa. Uji ambao haukulegea wala kukolea utamu hauna chakula cha kutosha kwa hamira, hata itiwe nyingi kiasi gani.

Dhana ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoharibu kazi nyingi zaidi, ni kwamba maji yakiwa ya moto zaidi sukari hutoka kwa wingi. Beta-amilesi, mojawapo ya vimeng'enya hivyo, hufa upesi joto linapokaribia nyuzi 70 za Selsiasi, na alfa-amilesi, kimeng'enya kingine, nayo haivumilii kuchemshwa. Wanga wa shayiri hulainika kwenye nyuzi 60 hadi 65 hivi, kwa hiyo joto moja hutosha kuulainisha na kuuvunja; wanga wa mtama hulainika kati ya nyuzi 68 na 78, wakati ambapo sehemu kubwa ya vimeng'enya imekwisha kuharibika. Ukipika kwa joto la chini wanga haufunguki, na ukichemsha vyote pamoja unaua vile ulivyovihitaji.

Njia ya kutoka hapo ni kutenganisha vimeng'enya na wanga. Unga wa kimea huchanganywa na maji ya vuguvugu ya nyuzi 45 hivi, hutulizwa, kisha maji ya juu, yaliyobeba vimeng'enya, huchotwa na kuwekwa kando. Mashapo huchemshwa mpaka yaive kabisa, hupozwa hadi karibu nyuzi 65, ndipo maji yale hurudishwa na joto hilo kudumishwa kwa saa moja au zaidi. Tone la iodini ya duka la dawa juu ya kijiko cha uji kilichowekwa kwenye sahani litaonyesha hali ilivyo: likigeuka bluu inayokaribia weusi, wanga bado upo. Sampuli hiyo humwagwa. Kipimajoto ni cha lazima, maana Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo hesabu za kuchanganya maji ya moto na ya baridi zinazoanzia nyuzi 100 hukosea.

Wengine husema kimea kikiota sana ndipo kinapokuwa bora. Chipukizi refu hula wanga uliokusudiwa kuwa sukari, na chipukizi la mtama lina dhurini, kemikali ambayo ikivunjika hutoa sumu ya sianidi; kwa hiyo mizizi na machipukizi yafikichwe na kupepetwa baada ya kimea kukauka, kwani kukausha peke yake hakuiondoi yote.

Hatari zaidi ni imani kwamba ukungu kwenye kimea huondolewa na moto. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondolewi kwa kuchemshwa. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa ugonjwa uliotokana na mahindi yenye sumukuvu, na takriban watu 20 walifariki. Kimea chenye madoa ya kijani au harufu ya uvundo kitupwe, wala kuku wasipewe.

Kuhusu wiski yenyewe, rangi yake ya kahawia haitoki kwenye nafaka: kinywaji kipya ni cheupe kama maji, na ile ya Uskoti hukaa katika mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua 3. Kuigeuza pombe kuwa gongo nyumbani ni kosa kisheria nchini Tanzania. Wanaoamini kwamba mwali wa bluu ni uthibitisho wa usalama wanajidanganya, kwa sababu ethanoli, ambayo ndiyo kilevi cha pombe, na methanoli, ambayo ni sumu, zote huwaka kwa mwali wa bluu.