Ua la miombo halijafa, limelala

Kiangazi kikiingia Tabora, Gloriosa superba, lile ua la miombo lenye petali nyekundu zenye kingo za njano, hunyauka lote hadi chini. Wengi huamini limekufa, basi huling'oa na kulitupa. Kinachokufa ni shina na majani tu. Kiazi chake hubaki hai ardhini kikisubiri mvua za Novemba. Ukitaka kuhakikisha, fukua taratibu kwa kijiti. Kiazi kigumu, chembamba kama kidole cha muhogo, ni kizima. Kilicholainika na kunuka kimeoza. Mara nyingi kinachokiozesha ni huruma yetu, kumwagilia kila jioni Julai nzima! Ila kina sumu kali: vaa glavu, na usikiweke karibu na viazi vya jikoni.