Nixtamal ni nini, na kwa nini unga wa sembe hautoi tortilla

Kuna siku niliona video ya jamaa anapika taco, yaani tortilla iliyokunjwa na kuwekewa chakula ndani (tafadhali hili neno tusiliandike kiswahili), nikajiambia hii mbona rahisi, tortilla si kachapati ka mahindi tu, sembe ipo ndani, chumvi ipo, maji yapo. Nikakanda. Aisee ule unga haukushikana hata kidogo, ukiusukuma unapasuka pembeni, ukiunyanyua nusu iko mkononi nusu imebaki mezani, mwisho nikasonga ugali yakaisha. Nilikuja kujua baadae kabisa kwamba shida haikuwa mikono yangu, ni kwamba Wamexico tortilla hawaitengenezi kwa mahindi makavu yaliyosagwa kama yetu. Wanasaga nixtamal.

Inatamkwa nishtamal, ni neno la Kinahuatl, lugha ya Waazteki ambayo mpaka leo kuna watu wanaiongea Mexico. Nextli ni majivu, tamalli ni donge la mahindi yaliyosagwa. Yaani ni mahindi yaliyochemshwa na kulowekwa kwenye maji ya chokaa, au ya majivu kama chokaa hakuna. Ndio, chokaa. Kabla hujashtuka waulize wazee wa pwani wanaotafuna tambuu, ile chokaa wanayopaka kwenye jani kikemia ndo hiyohiyo. Ya kupakia ukuta achana nayo, ile haijasafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu.

Inavyofanyika: mahindi makavu kilo moja, maji ya kutosha, chokaa kama gramu 10 hivi, unachemsha taratibu mpaka ukisugua punje ganda linavuka, unazima moto unaacha ilale usiku kucha. Asubuhi maji yamegeuka manjano na yanateleza, hayo wanayaita nejayote, unamwaga unasuuza, maganda yanaondoka nayo. Kilichobaki ndo nixtamal, na inasagwa ikiwa bado na unyevu wake, zamani kwenye metate ambalo ni jiwe la volkano unalipigia magoti na kusagia kwa mikono miwili, siku hizi wengi wanapeleka ndoo yao kwenye mashine ya mtaani. Inatoka masa, donge laini linaloshikana, kwa sababu chokaa imeyeyusha ile gundi ya kwenye ganda na imelegeza wanga. Sembe yangu haikupitia hayo, ingeshikanaje sasa?

Kwa Mmexico masa iko kila kona ya siku. Asubuhi Mexico City mtu anawahi kazini ana tamal, masa iliyofungwa kwenye maganda ya gunzi ikapikwa kwa mvuke, na wengine wanaichomeka ndani ya mkate (wanga ndani ya wanga, na sisi wa chapati na viazi hatuna mdomo wa kuwacheka), anashushia na atole ambayo ni uji wa moto. Mlo mkubwa wenyewe sio usiku, ni mchana saa nane mpaka saa kumi, na tortilla zinawekwa mezani zimefunikwa kitambaa, unachota nazo maharage na mchuzi kama sisi na tonge. Za jana zilizokauka zinakaangwa zinamwagiwa mchuzi wa pilipili, hizo ni chilaquiles. Ila kaskazini mwa Mexico tortilla nyingi ni za ngano, hizo nixtamal haihusiki.

Sasa kitu kilichonifanya niandike yote haya. Mahindi yana vitamini B3 lakini imefungwa, tumbo haliwezi kuitoa, chokaa ndo inaifungua. Mbegu ilivyosafirishwa Ulaya baada ya Columbus kufika Amerika, ufundi wa chokaa haukusafiri nayo, na masikini waliokuwa wanakula mahindi na karibu hakuna kingine wakaanza kuugua pellagra: ngozi inababuka inapopigwa na jua, tumbo linaharisha, akili inachanganyikiwa, mwisho kifo. Ilipiga Hispania, Italia, halafu kusini mwa Marekani, ambako daktari Joseph Goldberger alihangaika kuwaonyesha watu kwamba ni chakula na sio kijidudu, na vitamini yenyewe ikaja kutambuliwa mwaka 1937. Sio hadithi ya mbali pia, mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua kwa maelfu baada ya karanga kukatika kwenye mgao wao wakabaki na mahindi. Kwetu mara nyingi kinachotuokoa ni mboga ya pembeni, yaani dagaa, maharage, karanga, maziwa.

Kwa hiyo ukitaka kujaribu tena na huna muda wa kulaza mahindi usiku kucha, tafuta unga wa masa uliokaushwa, Maseca ndo unaojulikana zaidi. Usinunue kwa kuangalia rangi, unga wa kawaida wa mahindi unaweza kufanana nao, soma pakiti kama kuna neno nixtamalizado au chokaa kwenye viungo. Kama hakuna, hiyo ni ya ugali.