Luther hakuja kuizima Renaisansi, jamani

Hii nimeichoka kweli. Kila Oktoba ikikaribia mwisho, watu wakianza maandalizi ya sikukuu ya Matengenezo (yale yaliyozaa Uprotestanti), lazima atokee mtu aseme Renaisansi, ule wakati wasomi wa Ulaya walipovirudia vitabu vya kale vya Kigiriki na Kilatini, ilikuwa kipindi cha Wazungu kumtupa Mungu na kuabudu akili na masanamu ya uchi, halafu Martin Luther, mtawa wa Kijerumani, akaja 1517 akawarudisha kwenye Biblia. Safari hii aliyesema ni mwalimu wa historia, tena mbele ya vijana, sasa hapo siwezi kunyamaza.

Uozo Roma ulikuwepo, sikatai. Papa Leo wa Kumi alikuwa Medici, rehema, yaani vyeti vya kusamehewa adhabu ya dhambi, ziliuzwa ili kujenga Basilika ya Mtakatifu Petro, na upande wa Albrecht, askofu mkuu wa Mainz, nusu ya hela ilienda kwa akina Fugger, matajiri wa benki, kulipa deni la cheo chake. Hayo mnayajua.

Ila niambieni, hilo Agano Jipya alilotafsiri Luther alilitoa wapi? Mwisho wa 1521 kafichwa kwenye ngome ya Wartburg, anatafsiri kwenda Kijerumani, na anachotumia ni Agano Jipya la Kigiriki la Erasmus, msomi wa Kiholanzi, chapa ya 1519. Erasmus ndiye Renaisansi yenyewe! Chapa yake ya kwanza ilitoka Basel 1516 kwa mchapaji Froben, na aliitabaruku kwa huyo huyo Papa Leo. Na yeye njia alionyeshwa na Mtaliano, Lorenzo Valla, ambaye maelezo yake juu ya Agano Jipya Erasmus aliyakuta kwenye abasia moja karibu na Leuven mwaka 1504 akayachapisha mwaka uliofuata. Valla ndiye aliyeshika ile hati ya Konstantino iliyompa Papa mamlaka juu ya nchi za magharibi, akaisoma Kilatini chake, akaonyesha kwamba mtu wa karne ya 4 hakuandika hivi, ni ya kughushi. Hiyo ni 1440, Luther hajazaliwa. Alikuja kuisoma 1520 na ikamtikisa sana.

Kwa hiyo hao "waliomtupa Mungu" walikuwa wanakesha na Agano Jipya la Kigiriki, wanalinganisha nakala moja na nyingine mstari kwa mstari.

Tena kazi yenyewe ilifanywa mbio mbio, na hili wahubiri huwa hawaligusi. Kitabu cha Ufunuo Erasmus alikuwa na nakala moja tu ya Kigiriki, na karatasi ya mwisho ilishapotea, aya sita hazipo. Akafanyaje? Akachukua Kilatini akajitafsiria mwenyewe kurudi Kigiriki, akapeleka kiwandani. Ndiyo maana Ufunuo 22:19 kwake ni "kitabu cha uzima" wakati nakala za Kigiriki zina "mti wa uzima", na kosa hilo likasafiri mpaka Biblia ya Kiingereza ya 1611. Mimi halinipunguzii imani hata kidogo, linanionyesha kazi ilivyofanywa na watu wenye haraka na macho yaliyochoka.

Lakini pia msikimbilie upande wa pili mkasema Renaisansi ndiyo iliyozaa Matengenezo, basi, imeisha. Haijaisha. 1524 Erasmus aliandika kutetea hiari ya mwanadamu, 1525 Luther akamjibu kwa ukali wa kutisha kwamba hiari hiyo imefungwa, na hapo hawakupatana tena. Erasmus alibaki Mkatoliki. Wakati msaidizi wake kwenye ile chapa ya 1516, Oecolampadius, aliyekuwa naye pale pale Basel, ndiye aliyekuja kuuongoza mji huo kuingia Matengenezo 1529, na Erasmus akafungasha akahamia Freiburg.

Erasmus na Oecolampadius walisoma vitabu vile vile, wakashika kurasa zile zile, halafu mmoja huku mwingine kule. Kwa nini? Wapo wanaosema ni umri, vijana ndio waliomfuata Luther. Inaingia akilini ukimtazama Melanchthon, msaidizi wa Luther aliyezaliwa 1497, lakini Johann Eck, adui mkubwa wa Luther na msomi wa Kigiriki na Kiebrania, alikuwa mdogo kwa Luther kwa miaka mitatu. Vitabu vya kiada vinalipita hili kama halipo, na mimi maelezo ya umri hayajaniridhisha hadi leo.