Mafuta ya zeituni na kikaango cha samaki

Jikoni nyingi za Lamu utaambiwa mafuta ya zeituni ni ya kachumbari na kujipaka tu. Yakipata moto hugeuka sumu. Si kweli. Mafuta safi, yale yaliyokamuliwa bila kupashwa moto na yenye asidi huru (iliyojitenga na mafuta) isiyozidi asilimia 0.8, huanza kutoa moshi karibu na nyuzi 190 hadi 210 za Selsiasi. Samaki aina ya changu hukaangika vizuri kwa 175 hivi. Asidi ya oleiki, aina ya mafuta iliyo nyingi humo, pia haiharibiki upesi kwa joto.

Mfute samaki maji kwanza, maana maji ndiyo yanayorusha mafuta. Mimina vijiko vitano vya kula, moto wa wastani, kisha tupia kipande cha kitunguu: kikizungukwa na mapovu madogo bila kuungua, mtie samaki. Ukiona moshi, epua.

Kinachopotea kwa kukaanga ni harufu, kwa hivyo chupa ya bei (nayo si mchezo) iweke kwa ajili ya kachumbari. Adui mkubwa wa mafuta haya hapa pwani ni dirisha lenye jua na rafu iliyo juu ya jiko. Nunua chupa ndogo, nyeusi. Ikinuka njugu zilizochacha, imekwisha.