Eti ukifika 25 anza Botox? Tuongee ukweli wa uso na umri

Juzi mdogo wangu kanipigia video, ana miaka 24, kapandisha nyusi mpaka juu ananionyesha mistari ya kwenye paji la uso, "dada si unaiona lakini?" Nikamwambia hebu acha kushangaa kwanza. Akalegeza uso, mistari yote ikapotea. Kumbe kuna saloni imeshamwambia aanze sindano za Botox mapema kabla hajachelewa 😂

Jamani hakuna kuchelewa. Botox inalegeza msuli, basi, inazuia ile ishara ya neva isiufikie msuli, ngozi ya juu haikunjiki. Inaanza kushika baada ya siku chache, wiki mbili imekamilika, miezi mitatu minne ishaisha nguvu, unarudi kulipa. Mistari ya ukicheka au ukikunja ndita ni uso unafanya kazi yake tu. Ile inayobaki hata ukiwa umetulia ndo watu huamua kuichoma sindano, na hapo utakuta wa miaka 32 anayo na wa 45 hana, yaani tarehe ya kuzaliwa haikuambii kitu.

Dhana ninayoichukia kuliko zote: sisi weusi hatuzeeki, sanskrini (krimu ya kukinga jua) ni ya wazungu. Kweli melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inatukinga, na makunyanzi kwetu yanachelewa, ila umri kwetu unaanzia kwenye rangi. Madoa ya mashavuni, weusi juu ya mdomo, vile vidoti vyeusi vinavyoota karibu na macho, halafu baadaye ndo mashavu yanaanza kushuka. Na sio jua kali peke yake, hata mwanga wa kawaida huu tunaouona kwa macho unaongeza weusi kwenye ngozi ya kwetu, ndo maana mwenye melazma (madoa meusi ya usoni) anashauriwa sanskrini yenye rangi, ile yenye oksidi ya chuma inayofanana na faundesheni. Miale ya UVA ya jua nayo inapita kwenye kioo cha gari, kwa hiyo umekaa dirishani kwenye foleni ya Mbagala bado inakupata. Kipimo cha sanskrini: mstari mzima kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, uso na shingo. Ukiwa na miaka ishirini na kitu, hiyo inatosha kabisa, pesa ya sindano kale chipsi.

Mkorogo unarudisha ujana? Mwezi wa kwanza unang'aa, sikatai. Lakini humo mara nyingi kuna steroidi, zebaki au haidrokwinoni, steroidi inafanya ngozi kuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, na haidrokwinoni ukiipaka muda mrefu inaweza kukuachia weusi wa bluubluu ambao kuutoa ni kazi kwelikweli. Angalia vifundo vya vidole vya mpakaji, hapo hapadanganyi.

Leza, zile mashine za mwanga za kutibu ngozi, zote ni sawa? Hapana, nyingine zinaifuata melanini na ngozi yetu inaungua, inabaki na baka. Uliza kama wanayo leza ya aina ya Nd:YAG ya nanomita 1064 (huo ni urefu wa wimbi la mwanga wake), ndo salama zaidi kwetu, na mtumiaji awe amezoea ngozi nyeusi.

Halafu wamama wa hamsini na kuendelea mnaambiwa eti ni upasuaji au mkae kimya. Sio kweli. Hedhi ikikoma kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, inashuka haraka, karibu asilimia 30 kwa miaka mitano ya mwanzo, ila tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A, bado inafanya kazi umri wowote, saizi ya punje ya njegere usiku, wiki za mwanzo utabanduka kidogo, usikate tamaa (mjamzito asiiguse). Upasuaji wa kuvuta uso ni wa ngozi iliyokwisha kulegea. Kosa ni kujaza fila (sindano za kujaza uso) ili kunyanyua, fila inajaza, hainyanyui sana, unaishia na uso kama umeumwa na nyuki.

Na fila ndiyo ya kuogopa kwa umri wote, ikiingia kwenye mshipa wa damu ngozi inaweza kufa, jicho linaweza kupofuka. Ile ya asidi ya hayaluroni ina dawa yake ya kuiyeyusha, hayaluronidezi. Kabla hujalala kwenye kitanda chao muulize, ipo humu ndani sasa hivi? Akianza kuzungukazunguka, chukua pochi yako uondoke.