Mwili Unaposimulia Uhamaji: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Dhana: Bila maneno, kisa cha mhamiaji hakieleweki.

Amal hakusema neno. Kikaragosi hicho cha msichana mkimbizi kutoka Syria, chenye kimo cha mita 3.5, kilitengenezwa na Handspring, kampuni ya vikaragosi ya Cape Town. Mwaka 2021 kilitembezwa kutoka Gaziantep, Uturuki, hadi Manchester, Uingereza, kilomita 8,000 hivi. Ndani yake mtu alisimama juu ya mironjo. Wengine waliiendesha mikono yake kutoka nje. Alivyositasita, alivyoinama kumtazama mtoto, ndivyo watu walivyomjua kuwa mgeni. Kwingi alipokewa kwa shangwe. Larissa, Ugiriki, wapo waliomrushia mawe. Kama hakueleweka, mawe yale yalikuwa ya nini?

Dhana: Uigizaji wa mwili ni sanaa ya Ulaya, sisi tunaiga tu.

Ni kweli Mfaransa Jacques Lecoq alifungua shule yake ya uigizaji wa mwili Paris mwaka 1956, na ushawishi wake ni mkubwa. Lakini pwani yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa na ngoma ya beni tangu miaka ya 1890: gwaride, sare, vyeo vya kujipa, chama cha Marini kikishindana na cha Arinoti. Beni ilisafiri na askari, wapagazi na vibarua. Aliyefika mjini bila ndugu alipata chama, na humo wenzake wa kumfaa wakati wa msiba. Huko Malawi ikazaa ngoma za malipenga na mganda. Kwenye migodi ya shaba ya Zambia, vibarua walicheza ngoma ya kalela wakiwasifu watu wa kwao na kuwatania wa makabila mengine. Swali la "mimi ni wa wapi?" lilikuwa likichezwa kwa miguu zamani sana, na inaniuma kuona wanafunzi wa sanaa wakimaliza masomo bila kulijua hilo.

Dhana: Mhamiaji akipanda jukwaani, lazima aigize mateso yake.

Hapana, na anayemlazimisha anamuumiza mara ya pili. Mazoezi mazuri huanza na vitu vidogo: tembea kama ulivyotembea kwenu, kisha kama unavyotembea hapa. Kundi zima linasogea, mmoja anabaki. Anaamua kufuata au kusimama. Kumbukumbu nzito inaweza kuchezwa na mwenzake, yeye akiwa pembeni akielekeza. Na akitaka kucheza furaha ya harusi ya dada yake, hiyo nayo ni hadithi ya uhamaji.