Presha, kusahau na sindano za umeme: maswali na majibu kwa ndugu zetu wa Mtwara na Lindi

Siku hizi watu wanatumiana klipu za mzee amelala, kichwani kachomekwa sindano zenye nyaya, chini imeandikwa anatibiwa kusahau. Maswali yamekuwa mengi sana kwahiyo nayajibu hapa, ila naanzia kwenye ugonjwa wenyewe, maana ukirukia sindano kabla hujajua unatibu nini utapoteza hela na muda.

Mzee wetu ana presha ya muda mrefu, sa hivi amekuwa mzito kufikiri. Si uzee tu huo?

Inawezekana usiwe uzee tu. Presha ikikaa juu miaka na miaka, au sukari, au sigara, ile mishipa midogo midogo ya damu ndani ya ubongo kuta zake zinakakamaa na kuwa nene, njia inabana, damu haifiki inavyotakiwa, na vieneo vidogo vya ubongo vinakufa taratibu bila mtu kuanguka wala kupooza mkono. Wengine walishapata kiharusi kabisa, mwili ukarudi lakini akili haikurudi kama zamani. Kama mtu bado anaoga mwenyewe, anavaa, anaenda sokoni na kurudi, hiyo ni hatua ya mwanzo. Akifika mahali hawezi kujihudumia bila kusimamiwa na mtu, hapo sasa tunaongelea demensia. Mi nasisitiza hii hatua ya mwanzo sababu ndo bado kuna nafasi kubwa ya kuzuia mambo yasiende mbali, na ndo hatua ambayo wengi tunaipita bila kujua.

Dalili zake zikoje? Maana mzee majina ya watu bado anayakumbuka vizuri tu.

Hapo ndo tunapokosea, tunasubiri asahau majina. Hili tatizo la mishipa mara nyingi linaanza na uzito wa kufikiri na kushindwa kupanga mambo, kumbukumbu inaweza kuwa bado iko vizuri. Chukua msimu wa korosho. Mzee miaka yote alikuwa anapiga hesabu kichwani, kilo zake, bei ya mnada, makato ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), anakwambia kitakachobaki kabla karani hajamaliza kuandika. Msimu huu kashika stakabadhi anaiangalia, anaigeuza, anauliza makato kwa mara ya tatu, mwisho anampa kijana wake, "hebu angalia wewe". Nyumbani wanasema kachoka na shamba. Au jioni kwenye bao, zamani alikuwa anawasumbua wenzie, sasa anakaa na kete mkononi mpaka wanamhimiza. Na kwa mama zetu pia, yule bibi aliyekuwa anategemewa kusimamia upishi wa unyago, anajua mchele uingie saa ngapi na nani akachote maji, leo anasimama katikati ya masufuria hajui aanzie wapi.

Angalia pia anavyotembea (hatua fupi fupi za kuburuza), mkojo kumbana ghafla, na kupoa tu, hana hamu na kitu chochote. Lakini kama mabadiliko yamekuja ghafla, mdomo umeenda upande, mkono umelegea, maneno hayaeleweki, hicho ni kiharusi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Sasa hizo sindano za umeme ni kitu gani?

Ni akupancha, ile tiba ya sindano ya Kichina, imeongezewa umeme kidogo. Sindano zenyewe ni nyembamba mno na hazina dawa ndani. Kwa matatizo ya kufikiri na kusahau wanapenda kuchoma utosini, Wachina hiyo sehemu wanaiita Baihui, na pale juu ya paji nywele zinapoanzia, inaitwa Shenting, na nyuma ya shingo chini ya fuvu kulia na kushoto, Fengchi, na mguuni chini ya goti, Zusanli. Zikishaingia zinabanwa na vibanio vyenye waya mpaka kwenye kimashine kidogo, vingi vinatumia betri. Umeme unagonga kwa mapigo, inaweza kuwa mara 2 kwa sekunde mpaka mara 100, inategemea daktari kapangaje. Mgonjwa anasikia kugongwagongwa au ganzi, na sehemu zenye nyama unaona zinachezacheza. Ikianza kuuma aseme wapunguze, asivumilie. Inachukua kama dakika 20 mpaka 30, inarudiwa mara kadhaa kwa wiki, kwa wiki nyingi.

Umeme wa betri unasaidiaje ubongo?

Kwa panya waliofungwa mishipa ya shingo ili damu isifike vizuri kichwani, watafiti waliona baada ya sindano za umeme damu inapita vizuri zaidi, uvimbe wa ndani ya ubongo (ule wa seli kuumia, si wa saratani) unapungua, na protini ya BDNF inayosaidia seli za ubongo kuishi na kuungana inaongezeka. Hayo ni ya panya.

Na kwa binadamu, inasaidia au haisaidii?

Tafiti nyingi zimefanyika China, na kadhaa zinaonyesha waliochomwa huku wakiendelea na matibabu ya kawaida walipata alama za juu kidogo kwenye vipimo vya akili kuliko ambao hawakuchomwa. Vipimo vyenyewe kama MoCA vina alama 30, unaambiwa chora saa, taja maneno uliyoambiwa mwanzo, toa 7 kwenye 100 uendelee kushuka. Shida ni kwamba tafiti nyingi ni za watu wachache, wamefuatiliwa kwa muda mfupi, na mtu akirudia kipimo kile kile anakizoea afu alama zinapanda zenyewe. Halafu sindano ni ngumu kuificha, mgonjwa anajua kachomwa, daktari anajua kamchoma, na kule kuhudumiwa tu nusu saa kila mara kunamchangamsha mtu. Mwaka 2007 wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kuchambua tafiti za tiba, walitafuta ushahidi wa akupancha kwa demensia ya mishipa, hawakupata hata utafiti mmoja uliofikia vigezo vyao. Baada ya hapo tafiti zimeongezeka ila ubora bado unalalamikiwa.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu, inaweza kuwa tiba ya kuongezea juu ya matibabu mengine, isiwe ya kubadilishia. Familia ikiwa na hela ya kitu kimoja tu, kati ya nauli na gharama za sindano na vidonge vya presha vya kila mwezi, nunueni vidonge.

Mbona unaing'ang'ania sana presha?

Sababu ndo yenye ushahidi. Marekani kulifanyika utafiti unaitwa SPRINT MIND, watu zaidi ya 9,300 wenye presha wa miaka 50 kwenda juu, kundi moja namba ya juu ya presha ikashushwa chini ya 120, lingine chini ya 140. Majibu yalitoka 2019, kundi la 120 waliopata udhaifu wa akili wa mwanzo walikuwa pungufu kwa karibu asilimia 19. Kwenye demensia yenyewe tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha. Hii haina maana ukamwongezee mzee dozi mwenyewe, presha ikishuka mno ataona kizunguzungu ataanguka, kiwango chake apangiwe na daktari.

Huku kwetu kinachotuumiza ni kuacha dawa. Mtu kapimwa, presha imeshuka, anasema nimepona anaacha, jamani imeshuka sababu unameza! Afu kuna chumvi, ng'onda tunampenda wote lakini yule samaki kajaa chumvi, basi mroweke umwage maji na usiongeze chumvi nyingine kwenye mchuzi. Na msimu wa mabibo uraka na gongo vinakuwa vingi, pombe nyingi inapandisha presha na inaharibu ubongo moja kwa moja.

Nani hatakiwi kabisa kuchomwa sindano za umeme?

Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo kilichowekwa kifuani, hapana kabisa. Mwenye kifafa, mjamzito, anayemeza warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au mwenye tatizo la damu kutoganda, hao wasiguswe kabla daktari wao hajasema. Sehemu yenye kidonda au usaha isichomwe, na umeme usipitishwe kukatiza kifua. Sindano ziwe mpya, pakiti ifunguliwe mbele yako, zikitoka zitupwe, maana sindano ya kurudia inaweza kukuletea homa ya ini B au virusi vya UKIMWI. Uliza na usajili, Tanzania tiba mbadala ina sheria yake ya mwaka 2002 na baraza lake, mtaalamu halali hatakasirika ukiomba kuona cheti.

Naona vimashine vinauzwa mtandaoni, naweza kumchoma mama mwenyewe nyumbani?

Usithubutu. Shingoni karibu na fuvu pana mishipa na uti wa mgongo, na ukikosea kwenye kifua unaweza kutoboa pafu.

Sawa, nianzie wapi?

Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, wapime presha na sukari, ikionekana kuna haja utaandikiwa rufaa, kwa Lindi kuna hospitali ya Sokoine, kwa Mtwara kuna Ligula, na hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara, kwa vipimo vikubwa kama CT skani. Usimpeleke mzee peke yake, aende na mtu anayeishi naye ndani, sababu mzee mwenyewe atasema "mi mzima tu", ila anayeishi naye ndo anaweza kueleza yalianza lini na yamebadilika vipi. Bebeni dawa zote anazomeza, na za mitishamba pia, kwenye mfuko mmoja, na daftari la kliniki. Kama anavaa miwani aende nayo, na kama masikio hayasikii vizuri mwambieni daktari kabla ya kipimo cha akili, maana mtu asiyesikia swali anaweza kuonekana kasahau. Muulizeni pia daktari kuhusu sindano kama mna hamu nazo, hapo hapo, akiwa na faili mkononi.